Mgeni Kupewa Jembe: Historia ya Mapokezi ya Wageni katika Mradi wa Debian (1993–2024)

0. Utangulizi

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi methali hii hufundishwa darasani kama onyo kwa mgeni mvivu, asije akakaa bure kwa mwenyeji wake. Lakini yaweza pia kusomwa kwa upande wa pili. Anayempa mgeni jembe hana budi kumwonyesha shamba, kumweleza mpaka wa tuta lake na, siku ya mavuno, kumhesabu miongoni mwa waliolima. Kwa hiyo jembe ni mzigo, lakini ni alama ya uenyeji pia.

Katika makala haya tunakusudia kuichunguza maana hiyo ya pili katika shamba ambalo wahenga hawakulijua, yaani utengenezaji wa programu huria za kompyuta. Programu huitwa huria pale maandishi yake asilia yanapowekwa wazi, na kila mtu akawa na haki ya kuyasoma, kuyabadili na kuyagawa. Kazi hiyo hufanywa na watu waliotawanyika duniani, ambao wengi wao hawajawahi kuonana kwa macho. Swali letu ni hili: mtu asiyejulikana na yeyote hupokelewaje katika kundi kama hilo, na hugeuka lini kuwa mwenyeji? Tutalijibu kwa kufuata historia ya mradi mmoja, Debian, kwa sababu wanachama wake waliandika kanuni zao na kuzibadili mbele ya macho ya watu wote.

Huenda msomaji akauliza mambo hayo yanahusianaje na taaluma ya Kiswahili. Tunamwomba avumilie kidogo. Jibu litakuja katika sehemu ya tano.

1. Leseni hutoa haki, haitoi uenyeji

Mwaka 1983 Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya chuo cha MIT nchini Marekani, alitangaza mpango wa kutengeneza mfumo endeshi huria uitwao GNU. Mfumo endeshi ni mkusanyo wa programu za msingi zinazoiongoza mashine yenyewe na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Mwaka 1989 ilitolewa leseni ijulikanayo kwa kifupi kama GPL. Leseni hiyo humpa kila anayepokea programu haki ya kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kuigawa, kwa sharti kwamba anayeigawa awapitishie wengine haki zile zile alizopewa yeye. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitoa kiini cha mfumo kiitwacho Linux, na mwaka 1992 akakiweka chini ya leseni hiyo.

Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. Leseni humruhusu mtu kubadili nakala yake mwenyewe. Haimlazimishi mtu mwingine kuyakubali mabadiliko hayo na kuyatia katika nakala ya wote. Haki ya kwanza ni ya kisheria, na mtu huipata siku ile ile anapopokea programu. Ya pili ni ya kijamii, nayo hupatikana kwa kuaminiwa. Yule aliyerekebisha kasoro nyumbani kwake na asipate wa kuipokea kazi yake bado ni mgeni barazani, hata kama leseni yamwita huru.

2. Miaka ya mlango wazi (1993–1999)

Tarehe 16 Agosti 1993 Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue katika jimbo la Indiana, Marekani, alitangaza kuanzishwa kwa Debian. Jina hilo aliliunga kutokana na jina la mpenzi wake wa wakati huo, Debra, na jina lake mwenyewe. Nia yake ilikuwa kukusanya programu huria zilizotungwa na watu mbalimbali, kuzipatanisha ili zifanye kazi pamoja, na kuzigawa zikiwa mfumo mmoja uliotunzwa vizuri. Makusanyo yaliyokuwapo wakati ule, kwa maoni yake, yalijaa kasoro na yalikosa matunzo.

Mwanzoni kazi kubwa ilimwelemea yeye mwenyewe. Mwezi Januari 1994 wasaidizi wake walikuwa makumi machache tu, naye ndiye aliyezidi kuunganisha sehemu zote. Hatua iliyobadili mambo ilikuwa mgawanyo wa shamba. Kila programu ilifungwa katika kifurushi chake, na kufikia mwezi Machi 1995 kila kifurushi kilikuwa kimekabidhiwa kwa mtunzaji anayejulikana. Toka hapo mgeni hakuhitaji kuuelewa mfumo mzima ndipo aanze kazi. Ilimtosha kuelewa kifurushi kimoja na kanuni za kukiunganisha na vingine, kama vile mkulima anavyoweza kulima tuta lake vizuri bila kujua kila jiwe la bonde.

Hatua ya pili ilikuwa kuziweka kasoro hadharani. Mwaka 1994 Ian Jackson, Mwingereza ambaye baadaye aliuongoza mradi, alitengeneza daftari la kasoro ambalo kila mtu aliweza kulisoma na kuliandikia. Mkataba wa Kijamii wa Debian, uliopitishwa mwezi Julai 1997, uliahidi wazi kwamba mradi hautaficha matatizo yake. Kwa kawaida tunaichukua ahadi ya namna hiyo kuwa ni suala la unyofu tu. Kwa upande wa mgeni, hata hivyo, ilikuwa zaidi ya hapo, kwa kuwa orodha ya kasoro ni orodha ya kazi zinazongoja mikono. Anayefika mlangoni akiuliza «nifanye nini?» huonyeshwa orodha hiyo, naye huchagua anachokiweza.

Kazi yenyewe ilifuata njia ambayo mafundi wa programu walikwisha kuizoea. Mwaka 1985 Larry Wall alikuwa ametoa programu ndogo ya kubandika marekebisho. Mtu haandiki upya maandishi yote. Huandika tu mistari ya kuondolewa na ya kuongezwa, na mashine huibandika mahali pake. Mafundi huyaita marekebisho hayo viraka. Kiraka kina faida moja kubwa kwa mgeni: ni kidogo, husomeka upesi, na mtunzaji aweza kukipima bila kumjua aliyekishona. Mgeni aliyeleta viraka vitatu au vinne vilivyoshonwa vizuri alikuwa amejitambulisha kwa kazi yake kabla ya kujitambulisha kwa jina.

Matokeo yake yaonekana katika hesabu za mradi wenyewe. Mwezi Novemba 1995 watunzaji walikuwa yapata 60. Toleo la mwezi Juni 1996 lilikuwa na vifurushi 474. Mwezi Desemba mwaka huo huo vilikuwa 848, vikitunzwa na watu 120. Mwezi Juni 1997 vilikuwa 974, na watunzaji 200. Mwezi Julai 1998 vilizidi 1,500, nao watunzaji walizidi 400. Kwa muda usiofika miaka mitatu idadi ya wenyeji ilikuwa imeongezeka karibu mara saba.

3. Mlango wafungwa, mlango wafunguliwa (1999–2000)

Ukuaji huo ulileta hofu, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Kila mtunzaji alikuwa na mamlaka ya kuweka kifurushi katika ghala la pamoja. Kifurushi kinaposakinishwa hufanya kazi kwa mamlaka yote ya mashine inayokipokea. Mwenye nia mbaya, au mzembe tu, aweza kuharibu mashine nyingi za watu asiowajua. Watu wachache huweza kufahamiana, lakini 400 hawawezi. Pamoja na hayo baadhi ya wakongwe waliogopa kwamba wageni walikuwa wakiingia bila kuzijua kanuni za uhuru ambazo ndizo zilizouzaa mradi.

Mwishoni mwa mwaka 1999 upokeaji wa watunzaji wapya ulisimamishwa. Mwaka 2000 mlango ulifunguliwa tena, lakini sasa ukiwa na utaratibu ulioandikwa. Mwombaji alihitaji kwanza mwanachama wa kumwombea, kisha alipangiwa msimamizi wa kumwongoza kupitia hatua tatu.

3.1. Utambulisho

Kila mwombaji alipaswa kuwa na ufunguo wa siri wa kutilia sahihi kazi zake kwa kompyuta, na ufunguo huo uthibitishwe na mwenyeji. Wawili hao walikutana ana kwa ana. Mgeni alionyesha pasipoti au kitambulisho, wakalinganisha alama za ufunguo, na mwenyeji akautilia sahihi yake. Hivyo basi jumuiya iliyokuwa ikifanya kazi zake zote kwa mbali iliweka msingi wa imani yake juu ya watu wawili kuonana. Mtafiti wa elimu ya binadamu Gabriella Coleman, katika kitabu chake juu ya mafundi hao kilichotolewa mwaka 2013, alilichunguza kwa kina suala hilo la imani na maadili katika Debian.

3.2. Falsafa na taratibu

Mwombaji aliulizwa maswali juu ya Mkataba wa Kijamii, juu ya vigezo vya leseni huria na juu ya desturi za mradi, naye alijibu kwa maandishi, kwa maneno yake mwenyewe. Twaweza kuifananisha hatua hii na mafundisho ya jandoni au unyagoni. Lililotakiwa lilikuwa mgeni aelewe sababu ya miiko ya nyumba, kwa kuwa siku moja naye atawafundisha wengine.

3.3. Ujuzi

Hatimaye mwombaji alionyesha kazi: kifurushi alichokitengeneza na kasoro alizozirekebisha. Hapo awali kazi hiyo ilikuwa imeingia ghalani kwa mkono wa mdhamini, yaani mwenyeji aliyeikagua na kuitilia sahihi yake. Maneno fundi, mwanafunzi, kufunda na kufunza ni ya ukoo mmoja katika lugha yetu. Na uhusiano kati ya mdhamini na mwombaji ulikuwa hasa ule wa fundi na mwanafunzi wake katika karakana.

Utaratibu huo ulileta usalama, lakini uliwagharimu wageni muda. Wasimamizi walikuwa wachache na walijitolea bila malipo. Waombaji wengine walingoja miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Aidha hatua ya utambulisho ilikuwa nyepesi kwa mkazi wa mji wenye wanachama wengi, na nzito kwa aliye mbali nao. Mkutano wa kila mwaka wa mradi ulianza mwaka 2000 mjini Bordeaux, Ufaransa. Ulifanyika Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, mjini Cape Town. Mlango ulikuwa mmoja kwa wote, bali safari ya kuufikia haikuwa moja.

4. Nani ahesabiwe kuwa mkulima? (2004–2010)

Kasoro ya pili ya utaratibu wa mwaka 2000 ilikuwa kwamba ulijua aina moja tu ya mwenyeji: mtengenezaji wa vifurushi mwenye mamlaka yote. Aliyetunza kifurushi kimoja kidogo alipitia mtihani ule ule wa anayetaka kutunza mia. Aliyetafsiri, aliyeandika miongozo, au aliyechora picha, hakuwa na njia yake. Miaka iliyofuata ilitumika kulirekebisha jambo hilo.

Mwaka 2004 kilianzishwa kikundi cha Debian Women, kwa kuwa ilikuwa dhahiri kwamba wanawake walikuwa wachache mno katika mradi. Kikundi hicho hakikuomba mtihani ulegezwe. Kilitafuta wenyeji wa kuwaongoza wageni wa kike, na mahali ambapo swali la anayeanza lingejibiwa kwa heshima. Mwaka huo huo Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini, aliasisi Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Debian. Yeye mwenyewe alikuwa mtunzaji wa kifurushi katika Debian miaka ya 1990. Jina alilolichagua, lenye mzizi mmoja na neno letu utu, limefika katika nchi nyingi ambazo hapo awali hazikuwahi kusikia neno la Kibantu.

Mwaka 2007 wanachama walipiga kura na kukubali ngazi ya kati: mtu aliyekwisha kuonyesha uwezo wake kwa kifurushi fulani aliruhusiwa kukitunza mwenyewe, kifurushi hicho tu, kabla ya kuwa mwanachama kamili. Hivyo mgeni alipata tuta lake mapema, bila kukabidhiwa shamba zima.

Mwezi Oktoba 2010 ilipigwa kura nyingine ambayo kwetu sisi ni ya maana zaidi. Wanachama waliamua kuwakaribisha kama wanachama kamili, wenye haki ya kupiga kura, watu wanaochangia kwa kazi nyingine zisizo za vifurushi: watafsiri, waandishi wa miongozo, wachoraji, waandaaji wa mikutano na wengineo. Tuzingatie tarehe hiyo. Mradi ulianza mwaka 1993, na tangu miaka ya mwanzo kulikuwa na watu waliofasiri maandishi yake katika lugha zao. Ilichukua miaka 17 kwa kazi ya lugha kuwa na mlango wake wa uanachama kamili. Jembe lilikuwa mikononi mwao siku nyingi. Hesabu ya wakulima ndiyo iliyochelewa.

5. Hatari mbili, na funzo kwa wanaisimu wa Kiswahili

Isidhaniwe kwamba mtihani mgumu huondoa hatari. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian, mwenyeji halisi, aliondoa mistari michache katika programu ya kutengenezea funguo za siri, akidhani haina kazi. Kasoro hiyo ilitangazwa tarehe 13 Mei 2008 baada ya kugunduliwa na Luciano Bello, mwanachama mwenziwe. Funguo zilizotengenezwa katika muda huo ziliweza kubahatishwa, na wasimamizi wa mashine katika nchi nyingi walilazimika kuzibadili. Hapakuwa na mgeni wa kulaumiwa. Kilichokosekana ni jicho la pili.

Kisa cha pili ni kinyume chake. Programu ya kubana faili iitwayo xz, inayotumiwa katika mifumo mingi ikiwemo Debian, ilitunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja, Lasse Collin. Mgeni aliyejiita Jia Tan alileta viraka vizuri kwa zaidi ya miaka miwili. Wakati huo huo majina mengine yasiyojulikana yalimlaumu Collin kwa uchelewaji na kumhimiza akabidhi mamlaka, ilhali yeye alikwisha kueleza kwamba amechoka na afya yake si nzuri. Mgeni alipata mamlaka, na mwanzoni mwa mwaka 2024 alificha ndani ya programu hiyo mlango wa siri. Ulifichuliwa tarehe 29 Machi 2024 na Andres Freund, mwanaprogramu aliyeona kwamba kuingia katika mashine yake ya majaribio yenye Debian kulichelewa kwa sehemu ya sekunde, naye akatafuta sababu. Toleo imara la Debian, lile linalotumiwa na watu wengi, lilikuwa halijafikiwa.

Wengine walihitimisha kwamba wageni wasiaminiwe. Kwa maoni yetu, hitimisho hilo halitokani na ushahidi. Kwanza, Freund hakuwa mtunzaji wa programu hiyo. Aliikagua kwa sababu maandishi yake yalikuwa wazi hata kwa mtu wa nje. Pili, mlango uliopenywa ulikuwa ule wa mwenyeji aliyeachwa peke yake. Mtu mmoja aliyechoka hawezi kumchunguza mgeni, wala hawezi kumfundisha. Kama wageni wengi zaidi wangalipokelewa mapema na kugawana naye mzigo, Collin asingalihitaji kumtegemea huyo mmoja.

Sasa twaweza kulijibu swali la msomaji. Kiswahili nacho kimekwisha kuingia katika shamba hili. Mwaka 2004 mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika kutoka Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria za ofisi kwa Kiswahili. Kazi hiyo haikuwa ya wahandisi peke yao, kwani kila agizo la menyu lilidai istilahi, na kila istilahi ilidai uamuzi wa kiisimu: neno fupi au neno wazi? neno la zamani lililopanuliwa maana, kama kiraka, au neno la mkopo, kama programu? Hayo ni masuala tunayoyajadili katika semina zetu. Tofauti ni kwamba huko jibu hutumika kesho yake, na mtumiaji ndiye anayelipima.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili wa Lubumbashi, Bukavu au Kisangani asijione kuwa mtu wa nje kwa sababu hajasomea hisabati za kompyuta. Anaweza kuanza kwa kuripoti neno lililokosewa. Anaweza kisha kupendekeza sahihisho, kulitetea kwa hoja, na kulikubali lisahihishwe. Akirudi mara ya nne atakuwa amekwisha kujulikana. Ni kweli kwamba umeme hukatika na mtandao huuzwa ghali. Lakini sahihisho la mistari mitano halihitaji muda mrefu wa mtandao, na pia laweza kuandaliwa kwenye karatasi.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba historia ya Debian ina vipindi vitatu: mlango wazi wa watu wachache waliofahamiana, mlango wenye mlinzi baada ya watu kuzidi, na hatimaye ua wenye milango kadhaa, kila mmoja ukiwa na kipimo chake. Katika vipindi vyote mgeni aligeuka mwenyeji pale yalipotimia mambo matatu, nayo ni kazi ndogo yenye mipaka, fundi wa kumwelekeza, na hesabu iliyoitaja kazi yake kwa jina lake. Palipokosekana la kwanza mgeni alizurura. Palipokosekana la pili alipotea njia au alipotosha. Palipokosekana la tatu alilima miaka 17 bila kuhesabiwa.

Kipimo hicho hakifai kwa programu tu. Idara zetu za lugha nazo hupokea wanafunzi na wasaidizi wapya, na kuwaambia karibu. Inafaa tujiulize kila mara kama tumewaonyesha tuta, kama yupo wa kuwaelekeza, na kama majina yao yatasomwa siku ya mavuno. Neno karibu ni la siku mbili za kwanza. Methali yenyewe inatukumbusha kwamba ipo siku ya tatu.